Mhadhara juu ya Paka Mzee na Kisu cha Tabibu

Mabibi na mabwana, wazee wangu wa heshima, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka kwa wepesi: mimi niliyesimama mbele yenu, Bingwa wa Elimu ya Wanyama wa Nyumbani, daraja niliyojitunuku mwenyewe baada ya kuona wenye kutunuku wanachelewa, nimekubali ombi langu la kuwafunulia mas-ala yanayovunja amani katika nyumba nyingi za Mombasa, nayo ni haya: paka aliyekula chumvi nyingi, akishikwa na maradhi yasiyoondoka ila kwa kupasuliwa, je, yafaa kumlipia fedha zinazotosha kununua mbuzi wawili?

Natutwae paka jike wa miaka 14, umri ambao kwa mwanadamu ni kama sabini na ushei, naye hajapata kufungwa kizazi. Wiki chache baada ya msimu wake wa kutaka dume, anaanza kunywa maji kupita kiasi, anamkataa samaki, tumbo linatuna, na manyoya hayalambi tena. Jirani wa kulia atasema amekula panya mwenye sumu, wa kushoto atasema ni husuda. Tabibu wa wanyama, ambaye kwa bahati mbaya alisoma, atasema kwamba mji wa mimba umejaa usaha, kwamba dawa thabiti ni kuutoa pamoja na vifuko vya mayai, na kwamba mlango wa mji huo ukiwa umejifunga, usaha usipate pa kutokea, mauti hayako mbali. Kisha atataka damu ipimwe kwanza, maana mnyama mzee mwenye figo dhaifu akipewa nusukaputi huweza asiamke. Ndipo ataitaja bei, na hapo ndipo elimu yangu inapoanza.

Wengi huipima gharama kwa thamani ya paka, nayo ni hesabu batili, kwa kuwa paka yule hakununuliwa: aliingia mwenyewe siku ya mvua, akakichagua kiti cha bwana mwenye nyumba, akakaa. Wacha Mungu watawakumbusha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Watamtaja na Sahaba Abu Huraira, aliyepata lakabu yake kwa kipaka. Nami huwajibu, kwa upole unaonipamba, kwamba hadithi ile imetaja chakula na uhuru, nusukaputi haikuitaja. Ama Wamisri wa kale, kama alivyoandika Herodotus, paka akifa nyumbani walinyoa nyusi. Gharama yote ni wembe, na matibabu ya rahisi kuliko hayo sijayaona.

Lakini siri ya fani yangu, ambayo leo naitoa bure kwa sababu mweka hazina amekataa kunilipa, ni hii: katika miaka yote ya kuulizwa, sijapata kuona mtu aliyekuja kutaka rai hali hajakata shauri. Anayetaka kulipa huja peke yake, baada ya isha, akanong'ona, na fedha zimo kanzuni. Asiyetaka huja na kundi la mashahidi, akataja karo ya watoto, bei ya unga, na dada mgonjwa huko Malindi ambaye tangu Mfunguo Mosi hajampelekea hata thumuni. Wote wawili mimi huwaambia, "Umesema kweli," nao huenda zao wakinisifu kwa hekima, na sifa hizo ndizo zilizonifikisha kwenye mimbari hii.

Limebaki suala dogo, kwamba paka ni hodari wa kuficha maumivu, hata aliyejikunja kimya uvunguni huenda yu taabani. Na je, akipasuliwa ataamka akitamani samaki, figo zitamwachia mwaka mmoja wa jua la barazani, au ingekuwa rehema zaidi kumpa sindano ya mwisho? Hayo huyauliza tabibu peke yake, tena kwa maneno machache, wala sioni haja ya kuwapotezea wakati kwa jambo lisilobishaniwa na mtu.

Naona Bi Mkubwa kule nyuma ameinua mkono. Ikiwa swali lake ni kama mimi nimewahi kufuga paka, tafadhali alielekeze kwa katibu.