Jicho ni Jicho

Jamani, si nimenunua mashine ya gemu! Ile kubwa, unakaa na usukani kama dereva wa basi. Used, mchovu kama mimi. Nikaiweka barazani, nikajua ada ya watoto imepatikana. Siku ya tatu, kwisha habari. Unakata kushoto, gari linatetemeka. Unakata kulia, linatetemeka. Kama lina malaria. Watoto wa mtaa wakadai hela zao. Nikarudisha. Kuna mmoja hata hakucheza, naye nikamrudishia.

Nikaita fundi, kijana ana ndevu tatu. Akafungua chini ya usukani. Mna kisahani cheusi kina mapengo pembeni, kinapita kwenye vidude viwili kama herufi U.

"Mzee, kila kidude upande huu taa, upande huu jicho. Kisahani kikizunguka, mwanga unakatika, unarudi, mashine inahesabu. Macho yako mawili ili ijue kushoto na kulia. Moja limepofuka."

Nikajitia mjuaji. "Mbona hata taa haiwaki?"

Akachukua simu yangu, akafungua kamera, akaisogeza. Loh! Kumbe inawaka, zambarau kabisa. Ni infraredi, macho yetu hayaioni. Simu yangu mwenyewe imeniumbua.

"Tafuta sensa nyingine."

Haya, Kariakoo. Nikauziwa fotoseli, ya zile taa za nje zinazojiwasha magharibi. Jicho si jicho tu? Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, hii kazi yake kungoja jua lizame. Nzito. Halafu mwanga wa infraredi wala haiushughulikii."

Usiku nikapata akili. Nikang'oa kijicho cha rimoti ya TV. Kumbe lile si jicho, ni taa! Sasa gemu halichezeki na TV haibadiliki chaneli. Mama watoto hajasema neno. Tangu Jumanne.

Fundi akanihurumia. "Tafuta kipanya cha kompyuta, cha zamani, kile chenye mpira tumboni. Mna visahani na macho hivihivi."

Nilikuwa nacho! Nilikuwa. Wiki iliyopita nimemuuzia kijana wa chuma chakavu, shilingi 300, tena nikajiona mjanja.

Mbio mpaka kwake. Nikakiona juu ya turubai, kina rangi ya kucha aliyokipaka binti yangu.

"Elfu 5, mzee."

"Mwanangu, si mimi niliyekuuzia?"

"Ndiyo maana elfu 5. Wengine 6."

Nikalipa. Fundi akafumua, akachomelea, kugusa tu usukani ukaitika. TV bado iko kwenye chaneli ileile, lakini gemu linatembea.

Mteja wa kwanza kufika barazani? Yuleyule wa chuma chakavu. Akacheza, akashinda, akanilipa shilingi 300.