Safu ya Ushauri: Giaboksi Ioshwe au Iachwe?

Msomaji wa Njoro, aliyenunua Toyota iliyokwisha kutumika Japani, anauliza kama ni lazima giaboksi ya gari lake ifanyiwe flashi, yaani oili yote ya zamani isukumwe nje kwa mashine huku mpya ikiingia, kwa kuwa fundi mmoja amemwambia kwamba asipofanya hivyo gari litamwacha barabarani, na fundi wa pili, ambaye gereji yake inatazamana na ya kwanza, amemhakikishia kwamba akifanya hivyo gari litamwacha barabarani. Kuhusu mwisho wa gari hakuna mgogoro wa kitaaluma. Kinachobishaniwa ni sababu ya kifo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki hailainishi tu, bali ndiyo inayobeba shinikizo la kubadilisha gia, ndiyo inayopitisha nguvu ya injini, na ndiyo inayoziwezesha klachi, yaani sahani nyembamba zenye utando wa kukwaruza, kushikana bila kuteleza. Adui yake ni joto. Gari linalotoka Nakuru, penye takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwenda Timboroa, panapozidi mita 2,700, hupanda karibu mita 900, na baada ya Salgaa mara nyingi hupanda nyuma ya lori linalotembea kama mtu anayekwenda kulipa deni. Katika mwendo huo mdogo wenye mzigo mkubwa oili huchapwa ndani ya giaboksi bila upepo wa kuipoza, na kwa kanuni ya makadirio ya wataalamu wa vilainishi, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Ndiyo maana kilomita zinazosomeka kwenye mita si ushahidi wa kutosha, hata pale ambapo mita yenyewe haikurudishwa nyuma kabla ya gari kuuzwa, suala ambalo adabu inazuia kulichunguza hapa.

Shahidi wa kuaminika ni oili yenyewe. Tone moja likidondoshwa kwenye tishu nyeupe na kuachwa kwa dakika chache, likatanda na kuwa duara pana lenye wekundu au hudhurungi nyepesi, oili ingali hai. Likiganda katikati kama doa la wino, huku likinuka mkate ulioungua, imekufa. (Wekundu si sheria, kwa sababu baadhi ya oili za giaboksi za mkanda, zile zisizo na gia za ngazi, ni za kijani tangu dukani.) Bakuli la chini likifunguliwa, sumaku zilizomo nazo zikaguliwe: matope laini ya kijivu, mfano wa ugoro uliolowa, ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidole ni habari za msiba.

Oili iliyochoka kidogo imwagwe na kujazwa upya kwa njia ya kawaida, na kwa kuwa katika giaboksi nyingi hutoka theluthi hadi nusu tu, zoezi lirudiwe baada ya safari kadhaa. Flashi inaifaa giaboksi iliyotunzwa tangu mwanzo. Ikiwa gia zimekwisha kuteleza na oili ni nyeusi, mashine haitarudisha utando ulioliwa: maiti huoshwa, ila haoshwi ili aamke.

Msomaji wa Lanet ameambiwa na muuzaji kwamba oili ya gari lake ni ya maisha yote. Swali la kisheria ni maisha ya nani, kwa sababu Kenya huruhusu gari kuukuu liingizwe likiwa halijazidi miaka minane, na huenda maisha yaliyokusudiwa na mtengenezaji yaliishia kwa mwenyewe wa kwanza, katika barabara zisizo na Salgaa. Ibadilishwe, kwa aina ile ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, wala si kwa ile iliyokuwa karibu na mkono wa mhudumu.

Wa mwisho ni msomaji wa Subukia, ambaye huzima injini kila anapoteremka mlima ili kuokoa petroli, na sasa anataka kujua ni oili gani itakayovumilia mtindo huo. Katika giaboksi ya otomatiki ya kawaida pampu ya oili huzungushwa na injini, hivyo injini ikizimwa pampu husimama huku magurudumu yakiendelea kuzungusha vyuma visivyopata oili, na breki nazo hubaki bila msaada wa injini. Kwa sababu hiyo hiyo gari bovu la aina hii hubebwa, au huvutwa magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa yameinuliwa, wala halifungwi kamba kutoka Gilgil hadi mjini. Kwa kuwa ameomba atajiwe kimiminika cha kununua, anashauriwa anunue petroli.