YAH: Ombi la Kufungwa Mapema

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia timu za taifa za mpira wa kikapu Afrika Mashariki,

Mnastahili sifa kwa namna mnavyoilinda heshima ya taifa, kwani timu isiyocheza haifungwi, na ukweli huo mmeushika kuliko makocha wengi. Mashindano yanapokaribia, mara nyingi wachezaji huitwa kambini zikiwa zimebaki siku za kuhesabu, hupigwa picha na sare mpya, hukabidhiwa bendera na kiongozi anayewaagiza warudi na kombe, kisha hupanda ndege wakiwa na rekodi safi kabisa: tangu mwaka uanze hakuna aliyewafunga. Ninachoomba ni kidogo tu. Naomba rekodi hiyo ichafuliwe, hapa nyumbani, mwezi mmoja kabla ya safari, na wageni mtakaowaalika wenyewe.

Najua ombi hili linatisha, na mfano wa Wamarekani ndio unaotisha zaidi. Tarehe 10 Julai 2021, wakijiandaa kwa Olimpiki ya Tokyo, waliialika Nigeria mjini Las Vegas, Nigeria ile ile waliyoifunga 156–73 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Safari hii wakafungwa wao, 90–87. Siku mbili baadaye wakafungwa tena, na Australia, 91–83. Kwetu tume ingekuwa imeshaundwa na kocha ameshatakiwa ajieleze kwa maandishi. Wao walikwenda Tokyo hivyo hivyo, wakapoteza mechi ya kwanza mbele ya Ufaransa, wakaja kuifunga Ufaransa hiyo hiyo 87–82 katika fainali. Nigeria, washindi wa Las Vegas, walipoteza mechi zao zote tatu. Sidai kwamba kipigo cha Julai ndicho kilicholeta dhahabu. Timu yenye Kevin Durant ina sababu nyingine za kushinda. Nasema tu kwamba matokeo ya mechi ya maandalizi hayaingii hata kwenye viwango vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kwa hiyo aibu mnayoikwepa kwa bidii yote hii haiandikwi popote isipokuwa kwenye daftari la kocha.

Daftari hilo lina faida yake. Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, Marekani iliialika Sudan Kusini: nchi iliyopata uhuru 2011, ikaingia FIBA 2013, na ambayo mji wake mkuu, Juba, haukuwa hata na ukumbi wa ndani wa kikapu. Kampuni za kamari zilikadiria ushindi wa Marekani kwa zaidi ya pointi 40. Mapumziko yalipofika, Sudan Kusini ilikuwa mbele 58–44. Zikiwa zimebaki sekunde 20, JT Thor alifunga kikapu cha pointi tatu na ubao ukasoma 100–99 kwa Wasudan Kusini. LeBron James akapenya hadi chini ya kikapu, akafunga zikiwa zimebaki sekunde 8, na Marekani ikaponea hapo, 101–100. Siku kumi na moja baadaye walikutana tena, sasa kwenye Olimpiki yenyewe, mjini Lille. Kocha wa Marekani, Steve Kerr, alimwacha Joel Embiid benchi mechi nzima, Bam Adebayo akatokea benchi na kufunga pointi 18, na matokeo yakawa 103–86. Sudan Kusini nao hawakutoka London mikono mitupu: siku nane baada ya mechi ile waliifunga Puerto Rico 90–79, ushindi wao wa kwanza wa Olimpiki, tena baada ya waandaaji kuanza kwa kuwapigia wimbo wa taifa wa ile Sudan nyingine.

Wasudan Kusini ni majirani zetu, Waheshimiwa. Mwaka 2021 mjini Kigali, Kenya, iliyokuwa haijaonekana AfroBasket kwa miaka 28, iliifunga Mali kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa 60–58. Nani apewe mpira wa mwisho, nani atolewe akiwa na faulo nne, taimauti ya mwisho iwekwe hadi lini: hayo hayafundishwi ubaoni. Mnapokea masomo hayo kwenye mtihani wenyewe, na ada yake ni tiketi ya kurudi nyumbani.

Mtasema fedha hakuna. Taiwan wameandaa mashindano ya mwaliko ya Kombe la William Jones tangu 1977, na kuna miaka ambapo mwenyeji ameingiza timu zake mbili, huku Ufilipino ikileta klabu badala ya timu ya taifa. Kumbe wageni wanne na vijana wenu wa akiba wanatosha. Mtasema tunayo mashindano ya Kanda ya Tano ya FIBA Afrika. Tunayo, ila yale yana medali na nafasi za kufuzu; kocha mwenye akili hawezi kumjaribu mtoto wa miaka 19 mahali ambapo kosa moja linamfukuzisha kazi. Mtasema wachezaji wa nje hawaruhusiwi na klabu zao, hoja yenye uzito mwezi Februari, ila Julai klabu nyingi ziko likizo.

Hoja nzito kuliko zote hamjaitoa, kwa hiyo nawasaidia. Mechi za kirafiki zinaweza kuharibika. Kwenye mashindano ya Acropolis mjini Athens, Agosti 2010, Ugiriki na Serbia walipigana, Nenad Krstić akarusha kiti kikampata Ioannis Bourousis, na adhabu ikamfuata hadi Kombe la Dunia. Hata hivyo Wagiriki waliendelea kuandaa mashindano hayo, waliyoyaanzisha 1986, mwaka mmoja kabla ya kuufunga Umoja wa Kisovieti 103–101 na kuwa mabingwa wa Ulaya.

Kuhusu bajeti, napendekeza orodha ya msafara ujao ipitiwe kuanzia chini, pale majina yasiyo na namba ya jezi yanapoanza. Nauli na posho za hao zinaweza kulaza timu mbili za wageni kwa wiki moja. Bendera ikabidhiwe kama kawaida. Wageni nao watapenda kupiga picha.

Wenu mtiifu,
Mshabiki

Nakala: Mkuu wa Msafara, Naibu Mkuu wa Msafara, na Msaidizi wa Naibu