Sifa za Faili la Bastola

Sisi watu wa Bujumbura tumehitimu foleni. Tumelala kwenye foleni ya petroli, magari yamezimwa na madereva wanakoroma ndani. Tumesimama foleni ya sukari. Tumegombania basi la kurudi Kinama jua likizama. Kila foleni tumeilaani kwa Kirundi, kwa Kiswahili na, hasira zikizidi, kwa Kifaransa. Ipo moja tu ninayoiombea umri mrefu: foleni ya raia anayetaka kibali cha kubeba bastola. Faili lake huingia ofisini, hutoka, hurudishwa kwa kukosa picha, huingia tena, hulaliwa na mafaili manene kuliko lenyewe, na mwenyewe huota mvi akilingojea. Nimekuja kulisifu faili hilo. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza anisikilize.

Lina nasaba yake, si la kuokotwa. Mama yake ni Sheria Na. 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na wenye kumbukumbu watakumbuka kuwa Mkataba wa amani wa Arusha nao ulitiwa saini tarehe 28 Agosti, mwaka 2000. Bibi yake ni Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha hizo, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Ukoo huu ulifika kwetu ukakuta nchi imejaa chuma. Utafiti wa Small Arms Survey uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa kaya kama 100,000 za Burundi zilikuwa na silaha. Mwaka 2009 raia waliombwa wazirudishe kwa hiari, na waliorudisha walipewa vitu vya maendeleo, saruji na mabati miongoni mwake. Ipime mwenyewe biashara hiyo: Kalashnikov iliyopita mikononi mwa watu tusiopenda kuwataja, leo ni bati linalozuia mvua juu ya kitanda cha mtoto. Sijasikia biashara nyingine ya miaka ile iliyokuwa na faida kiasi hicho. Tangu hapo anayetaka silaha kihalali hana njia ila moja: aombe, achunguzwe, angoje. Bunduki za kivita asiziulizie kabisa.

Sasa tumchukue Hadji mmoja wa Buyenzi, muuza vitenge, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima. Simtaji jina kwa sababu wako wengi. Buyenzi, kama ujuavyo, ni mtaa wa misikiti na magereji, na barabara zake zina namba badala ya majina. Jirani wa Hadji ni fundi gari. Jana fundi kamwaga oili chafu mbele ya duka, vitenge viwili vya Kongo vimeharibika, na alipoambiwa akajibu jeuri mbele ya wateja. Hadji kalala na hasira, kaamka na wazo la bastola. Ukimuuliza atasema ni kwa ajili ya majambazi.

Bastola yenyewe isingemkawiza. Ingemsikiliza, ikamkubalia kila neno, ikamfuata gerejini asubuhi ileile. Faili halina adabu hiyo. Faili kwanza linamwambia Hadji akae chini aandike barua ya sababu. Majambazi? Wa lini? Walikuja saa ngapi, waliripotiwa wapi? Hadji anakuna ndevu. Anajitahidi kukumbuka na kugundua kwamba kitu cha mwisho kuibwa dukani kilikuwa mwavuli, na mwizi alikuwa mpwa wake. Barua hiyo ataiandika mara kadhaa, na kila akiiandika upya majambazi wanapungua.

Baada ya barua inakuja hati ya mahakama, ile inayoonyesha kwamba hujawahi kuhukumiwa. Hapa ndipo ninapolivulia faili kofia. Karatasi nyingine zote za serikali husema una kitu: una nyumba, una mke, una gari, una shahada. Hii inathibitisha kwamba huna kitu, na bado inatozwa faranga, inapigwa muhuri na kutiwa saini, na mtu huipokea kwa mikono miwili akaipeleka nyumbani akiwa na furaha. Ikiwa tupu ndiyo imekamilika. Nimewahi kuona watu wazima wakiionyeshana barazani kama picha ya harusi.

Lakini utamu wa faili uko mtaani, kwenye uchunguzi wa tabia. Ofisi haimjui Hadji. Anayemjua ni mkuu wa nyumba kumi. Basi afande anakuja siku isiyo na jina, hana haraka, anakaribishwa kiti na chai ya tangawizi.

"Mzee, huyu Hadji ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu wa swala, afande. Hana neno na mtu."

"Hasira?"

"Hasira ni za kibinadamu tu. Ila siku timu yake ya Vital'O ikifungwa, hata redio huwa tunamfichia."

"Na nyumbani kwake kukoje?"

"Ya nyumbani mimi siyasemi, afande. Muulize mama watoto."

Usidhani kuulizana huku ni ushamba wa Buyenzi. Japani, nchi ya treni zisizochelewa, raia hapati kabisa bastola ya kujilinda. Na anayetaka bunduki ya kuwindia husomeshwa darasani, hutahiniwa kwa maandishi na kwa shabaha, huleta cheti cha daktari kuhusu afya ya akili, kisha polisi huwauliza jamaa na majirani zake. Kanada wamekwenda mbele zaidi: fomu ya leseni inamtaka mwombaji amtaje mkewe, pamoja na yule aliyeishi naye akaachana naye ndani ya miaka miwili iliyopita, nao hutakiwa kutia saini, na asiyetia saini huarifiwa. Nawaomba wanaume wa Buyenzi wasome sentensi hiyo tena. Mtalaka wako anaulizwa kama unafaa kupewa silaha! Kanuni hiyo ikivuka bahari ikafika ziwani kwetu, nawajua watu ambao wataamua kwamba fimbo inatosha.

Nirudi kwa Hadji. Baada ya mkuu wa nyumba kumi, afande atamwendea nani? Atamwendea jirani wa ukuta kwa ukuta, na jirani wa ukuta kwa ukuta ni yule yule fundi mwenye oili. Hadji analitambua hili usiku, naye usingizi unamruka. Kesho yake anapita gerejini kutoa salamu ambazo hazijatolewa tangu siku ya vitenge. Keshokutwa anapeleka sambusa. Wiki inayofuata wanakula mukeke pamoja, na fundi anasema zile oili zilimwagwa na kijana wa kazi, naye alikuwa na aibu ya kuomba radhi mbele za watu. Faili bado liko ofisini, limelaliwa na mafaili mengine, na tayari limesuluhisha kesi ambayo wazee wa mtaa wangeila kwa mwezi mzima. Haya, niambieni ni bastola gani iliyowahi kupatanisha watu wawili wakala samaki.

Na hata akikipata kibali, faili haliachi kumlea. Itifaki ya Nairobi inazitaka nchi ziwapime wanaoomba kama wanaweza kuitunza silaha, ziweke mipaka ya silaha ambazo mtu mmoja anaweza kumiliki, zizikague leseni, na zikataze silaha kuwekwa rehani. Hili la rehani lilinifurahisha mno. Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, na mfanyabiashara aliyekwama huweka rehani pikipiki, friji, hata bangili za mkewe. Bastola, ingawa ni mali ya gharama, haimsaidii kwa karo hata faranga moja. Inakaa kabatini inakula kufuli, risasi na wasiwasi. Majirani zetu wa Kenya wanajua kwamba hata kuipata si mwisho wa safari: Desemba 2018 serikali yao iliwaita upya wenye leseni wote wakachunguzwe mara ya pili, na waliozoea kusalimiwa kwa saluti wakapanga mstari wakiwa na makaratasi yao kwapani.

Najua hoja ya wapinzani, nimeisikia kwenye kila meza ya mishikaki kuanzia Bwiza hadi Kinindo: jambazi haombi kibali. Ni kweli tupu. Haombi, hapigi picha za pasipoti, hamjui mkuu wa nyumba kumi. Guruneti ndilo limetutesa miaka mingi katika mji huu, na halina leseni wala faili. Lakini hoja hiyo inalitetea faili, hailipingi. Mahali ambapo hakuna orodha, polisi akimkuta mtu na bastola kiunoni saa tano za usiku hana njia ya kujua kama amemkuta muuza vitenge au amemkuta jambazi. Orodha ndiyo inayowatenganisha, na orodha hutoka kwenye mafaili.

Wengine hunitajia Westgate. Nairobi, Septemba 2013, magaidi wamo ndani ya jengo la maduka, na Abdul Haji, raia mwenye bastola yake ya leseni, akaingia akasaidia kuwatoa watu. Nampa heshima zake zote, na sitanii hapa. Ila tazama vizuri: alikuwa na leseni. Alikuwa mmoja wa wale walioomba. Mtu wa namna ile kungoja hakumpunguzii kitu, na ndiye hasa ambaye faili limewekwa ili limpitishe.

Sheria isiyojua kungoja tunaijua pia. Marekani, tangu mwaka 1998, muuza bunduki huuliza rekodi ya mteja kwa simu au kompyuta, na mara nyingi jibu hurudi ndani ya dakika chache. Uchunguzi ukichelewa kupita siku tatu za kazi, sheria ya shirikisho inamruhusu auze tu. Aprili 2015 kijana mmoja huko South Carolina alikuwa na rekodi ya dawa za kulevya ambayo ingemzuia, lakini karani hakuifikia kwa wakati. Siku tatu zikapita, akauziwa. Tarehe 17 Juni akaingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, akaketi na waumini katika somo la Biblia, kisha akawaua watu 9. Serikali yao yenyewe ilikiri baadaye kwamba silaha ile hakupaswa kuipata. Faili letu, nashukuru, halijui siku tatu ni nini. Likikawia, linakawia na bastola ikiwa upande wa ofisi.

Na Bujumbura haihitaji kufundishwa na Charleston. Tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu wa wiki chache tu, alipigwa risasi akila chakula cha jioni katika hoteli ya Tanganyika, ufukweni pale ambapo leo vijana hupigia picha. Tarehe 15 Januari 1965 Pierre Ngendandumwe, waziri mkuu naye, aliuawa kwa risasi akitoka hospitali mjini humu. Alikuwa amekwenda kumwona mkewe aliyejifungua. Mawaziri wakuu wawili, mji mmoja, miaka minne haijatimia. Mazishi mengi yaliyofuata ya watu wetu yalibeba urithi wa siku hizo. Yule anayeuliza kwa nini kibali cha chuma kidogo kinahitaji saini nyingi hivyo, na ahesabu kwanza kaburi moja moja.

Faili lina adui mmoja tu ninayemwogopa, naye si jambazi. Ni yule bwana mwenye suti anayesimama karibu na mlango akikuambia kwa sauti ya chini kwamba analifahamu dirisha la nyuma, ulete chai tu, karatasi zitatembea zenyewe. Kwa chai hiyo mkuu wa nyumba kumi haulizwi, mama watoto haulizwi, fundi wa gereji haletewi sambusa. Mwombaji wa namna hiyo mimi ningemnyima kibali papo hapo, kwa sababu moja tu: ameshindwa kungoja karatasi, atangojaje mtu aliyemtukana?

Kwa hiyo nawaomba wakubwa mnaotuletea kompyuta na huduma za mtandaoni. Leteni, tunazihitaji. Cheti cha kuzaliwa kitoke siku hiyohiyo, pasipoti itoke kabla safari haijafutwa, na petroli, jamani, ifike hata Buyenzi. Lakini mkikuta katika kabati la chini faili la bastola limejaa vumbi, linangoja saini ya mtu aliye likizo, lifungeni tena taratibu. Na wewe msomaji, ukikutana na Hadji akilalamika kwamba wamemchelewesha, mpe pole, kisha muulize anaendeleaje na jirani yake.