Yah: Shukrani za dhati kwa taifodi

Kwa Mkuu wa Maabara,
Mtaani kwetu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkuu, naandika kuwashukuru. Zamani mtu akiumwa kichwa alikaa wiki nzima asijue kinachomsumbua. Kwenu anatoa damu kidogo, anaketi kwenye benchi, na soda yake haijafika nusu jina la ugonjwa limeshaandikwa: taifodi. Nikija na mgongo, taifodi. Nikija na uchovu wa kukeshwa na muziki wa ukumbi wa jirani, taifodi tena, na safari hiyo mkaniongezea na yutiai.

Najua kasi hiyo mnaipata kwa Widal, kipimo alichokitangaza daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896. Tone la maji ya damu, tone la kitendanishi, mnatikisa kigae, mnatazama kama chembechembe zimeshikamana. Wabaya wenu husema kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe bali kingamwili, na kwamba kingamwili hubaki mwilini miezi baada ya mtu kupona, au huweza kuletwa na chanjo, na hata malaria huweza kukidanganya. Eti mgonjwa apimwe tena baada ya siku kama kumi, ionekane kama kiwango kimepanda mara nne. Au damu ioteshwe, kazi ya siku kadhaa. Siku kadhaa! Nani wa kusubiri, na dirisha la dawa liko hapohapo, hatua tatu kutoka kwenye benchi?

Dawa yenu ya sipro nayo nimeimeza kwa utii. Nasikia bakteria wa taifodi wa sehemu nyingi duniani wameshaizoea. Basi tuko pamoja, maana hata mimi nimeizoea.

Liko jambo moja tu linanitatiza, wala si lawama. Huyu bakteria hana makazi mengine ila binadamu. Hutoka kwenye choo cha mmoja akaingia mdomoni mwa mwingine kwa maji au chakula. Sasa mimi nina taifodi, mke wangu anayo, fundi cherehani anayo, mwenye duka anayo, na mjumbe wetu anayo mwaka wa pili. Kwa daftari lenu, Mkuu, mtaa mzima tunanyweshana vinyesi. Huo ni mlipuko! Nilitegemea bwana afya aje mbio na klorini, kisima kifungwe, mama ntilie waulizwe maji wanachota wapi. Hajaja mtu. Yaani majibu yenu mnayaamini vya kutosha kuniuzia dozi, lakini si vya kutosha kupiga simu moja?

Ombi langu ni dogo. Siku moja niandikieni "hatujaona kitu". Nitalipa bei ileile, na ya yutiai juu yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mgonjwa.

Nakala: Bwana Afya wa Kata, kwa taarifa ya kisima.