Jinsi ya Kumaliza Majaribio Kabla Chai Haijapoa

Kwanza hongera kwa kuandika majaribio ya programu. Wenzako wengi kazi hiyo huwaachia wauguzi.

Tuseme uko Rongo au Homa Bay mjini, unaunda moduli ya KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, ile iliyoanza 2004 kutokana na kazi ya kliniki za Eldoret. Majaribio yako yanaandika kwenye hifadhidata ya MySQL, na MySQL ina ushamba wake: kwa kawaida haikubali kwamba muamala umekamilika mpaka data itue kwenye diski. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 hivi kuzunguka mara moja tu. Ni sawa na kupanda feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno kila unapotaka chumvi.

Dawa ni H2, hifadhidata ndogo ya Java. Kwenye anwani ya hifadhidata andika jdbc:h2:mem:jaribio. Herufi zile tatu, mem, zinatosha: majedwali yanaumbwa, mgonjwa wa kubuni anasajiliwa, anapimwa, anapewa dawa, na programu ikifungwa anatoweka yeye na faili lake. Diski haijaguswa. OpenMRS yenyewe hupima hivi, kwa hiyo bosi akiuliza, una wa kumsingizia.

H2 ikikukera, hamishia folda ya data ya MySQL kwenye tmpfs, yaani folda inayokaa ndani ya memori. Kwa kawaida Linux itairuhusu itumie hadi nusu ya memori. Kama laptop yako ni ya giga 4 na Chrome imefunguliwa, omba Mungu.

Sasa hatua ya mabingwa. Ripoti za KenyaEMR hutegemea taratibu zilizoandikwa kwa lahaja ya MySQL, ambazo H2 haizielewi hata ukiiamuru iige MySQL. Basi usizipime. Jaribio ambalo halipo ndilo lenye kasi kuliko yote, na halijawahi kufeli.

Kukatika kwa stima pia usikupime. Huko Karungu au Mfangano mvua itapiga, seva iliyo chini ya meza itazima, karani akiwa ndio kwanza amemaliza kumwandikisha mama aliyetoka kwake alfajiri kufuata dawa. Ile safari ya diski uliyoiona ushamba ndiyo ingemrudishia rekodi, na wewe hukuwahi kuipima. Mwambie karani kwamba kwako kila kitu kilikuwa kijani. Atakushukuru, kisha atafungua rejista ya karatasi.

Siku ukichoka kupigiwa simu, fanya hivi: mchana kutwa pima kwenye memori, maana kasi ni haki yako. Kabla ya kutoa toleo, pitisha yote kwenye MySQL halisi, toleo lile lile lililoko kituoni, juu ya diski. Na angalau mara moja, data ikiwa inaandikwa, chomoa waya wa stima mwenyewe.