Kodi ya Mpwa

Mheshimiwa Mshauri, — Nina duka la rejareja hapa Kifaru, kando ya barabara kuu iendayo Same. Mpwa wangu, aliyerejea kutoka chuoni, amenitungia programu ya kuhesabu mauzo na madeni. Nikiuza kilo moja ya sukari, mashine hutafakari hata mteja akavuka barabara akanunua kwa jirani. Kijana asema huko ndiko kujihadhari. Nifanyeje? — Mwenye Duka.

Ndugu Mwenye Duka, — Kurasa za programu ulizoniletea nimezisoma kwa taadhima yote. Mpwa wako huuliza kama sukari ipo. Akijibiwa kuwa ipo, huuliza kama jibu hilo ni kweli. Likiwa kweli, huuliza kama kweli ni sawa na kweli, ndipo arudishe kweli. Na endapo si kweli wala si uongo, msiba ambao mashine isiyojua ila sifuri na moja haina hata pa kuuweka, ameandaa tangazo lisemalo "Haiwezekani", na chini yake kinga nyingine, tangazo lisije likapotea njiani.

Vijana hawa maandishi yao ya programu huyaita kodi, neno ambalo huku Upare halitamkwi ovyo, kwani mwaka 1945 watu waliteremka milimani kwa maelfu wakapiga kambi Same kuikataa mbiru, kodi iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe peke yake; wala hawakukataa kulipa, ila walitaka kiwango kimoja kwa wote. Mpwa wako amewarejesha wakadiriaji wale, akamweka mmoja katika kila mstari.

Mpeleke akaitazame ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Maji hukusanyika usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa tundu moja tu. Hapo ndipo macho ya wazee yalipo, na hakuna aliyewahi kusimamisha mlinzi kwenye kila shina la mhindi. Basi naye aikague bei mara moja, pale inapoandikwa, kwamba ni tarakimu na haipungui sifuri, na ikishapita, aiamini.

Mheshimiwa Mshauri, — Mimi ndiye mpwa. Je, umeme ukikatika katikati ya hesabu? — Mwenye Hadhari.

Bwana Mpwa, — Zitazimika na kinga zako zote. Washa mshumaa, uombe radhi, kisha uandike deni kwa kalamu katika lile daftari la mjomba wako ulilolitia uvunguni.